Jibu: Kazi ya Glue yakataliwa baada ya kuwekewa usimbaji fiche

Ndugu yangu wa Arusha, salaam kutoka Moshi. Nimeelewa kwamba kazi yako ya AWS Glue (huduma ya Amazon ya kuchakata data) ilikuwa ikisoma na kuandika S3 (hifadhi ya faili ya Amazon) vizuri, ila tangu ulipoiwekea mipangilio ya usalama yenye ufunguo wa KMS (huduma ya Amazon ya funguo za usimbaji) inakatika kwa kosa la kunyimwa ruhusa, ilhali roli yake (utambulisho unaoipa kazi ruhusa) ina ruhusa zote za S3.

Iache S3 kwanza, uangalie ufunguo. Kusoma data iliyosimbwa kunahitaji kms:Decrypt na kuandika kunahitaji kms:GenerateDataKey, na ruhusa hizo ziwe za roli inayoendesha kazi, si zako wewe unayeianzisha. Ndiyo maana ukifungua faili kwa mkono kila kitu huonekana sawa.

Sisi, tulipokuwa tukichakata hesabu za kahawa za chama kimoja cha ushirika, tulirekebisha hayo yote na bado tukakwama siku mbili. Kosa lilikuwa kwenye logi, yaani kumbukumbu za uendeshaji wa kazi, mahali ambapo, nakiri, sikufikiria kabisa kutazama: tulichagua logi za CloudWatch (huduma ya Amazon inayozitunza) nazo zisimbwe, lakini sera ya ufunguo haikuiruhusu huduma ya logi ya kanda yetu kuutumia, na roli haikuwa na ruhusa ya logs:AssociateKmsKey, ya kuunganisha ufunguo na logi.

Faili za zamani hazitasimbwa upya zenyewe, itabidi uzinakili. Haya ni ya Glue tu, kwani Dataproc, huduma ya Google ya kuchakata data, sijapata kuitumia. Ukikwama tena, bandika mstari mzima wa kosa, ila ufiche namba ya akaunti.