Swali: Tukibadilisha mila ya Idd aliyotuachia baba, ni bid'a (uzushi katika dini)?

SWALI: Assalam alaykum sheikh. Niko Kisumu. Tangu tukiwa wadogo kila Idd sote tulikua tunaenda kwa baba Mumias, mbuzi anachinjwa, pilau inapikwa, watoto wanapewa mkono wa Idd. Baba alifariki na saa hii tumetawanyika, wengine Nakuru, wengine Nairobi, mmoja Qatar. Nimependekeza tuwe tunakutana Jumamosi inayofuata Idd, kwa zamu nyumba ya kila mtu, yule wa Qatar tumpigie video, na wakwe wa ndugu yetu mdogo ambao ni Wakristo waje pia. Kaka mkubwa amekataa, anasema ni bid'a na ni kumsahau baba. Yuko sawa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Allah amrehemu mzee wenu. Hapo kwa bid'a sikubaliani na kaka, lakini uchungu wake ni wa kweli na msimuone mkorofi.

Mtume (s.a.w) alisema mwenye kuzua katika jambo letu hili kisichokuwemo basi kitarudishwa, iko kwa Bukhari na Muslim, na hilo jambo letu ni dini. Sasa pilau ya Mumias sio ibada, ni desturi, na desturi asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuikataza. Hata hiyo ya baba kuna mwaka haikuwepo, akaianzisha yeye.

Kisichohama ni ibada yenyewe. Swala ya Idd ni asubuhi ya siku yake. Zakatul fitri, ile zaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani, ni kabla ya swala, pishi moja kwa kila kichwa, mchele au mahindi, kama kilo 2 na nusu hadi 3, usiseme nitatoa Jumamosi tukikutana kwa sababu ikishapita swala inakua sadaka kama sadaka zingine, ndivyo alivyopokea Ibn Abbas.

Idd kubwa ndio muwe makini zaidi. Udhiya, yaani mnyama wa ibada wa Idd hiyo, inachinjwa baada ya swala tarehe 10 Dhulhijja mpaka jua lizame tarehe 13, kwa madhehebu yetu ya Shafi, kwa hivyo Idd ikiwa Jumatatu mwisho ni Alhamisi, na mbuzi mtakayemchinja Jumamosi ni nyama tu. Fanyeni hivi, chinjeni kwa wakati, maskini wapate fungu lao, ile ingine wekeni kwa friza mpike mkikutana. Mtume mwaka mmoja alikataza watu kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku 3 kwa sababu watu wenye njaa walikua wameingia Madina, halafu baadae akaruhusu, akasema kuleni, wekeni na toeni sadaka. Hali ya watu ilibadilika na mpango ukabadilika, na hiyo ilikua ndani ya ibada, sembuse safari ya Mumias.

Ila kuna kitu sikipendi kwa mpango wako, Idd isigeuke siku ya kawaida ati kwa vile sherehe ni Jumamosi. Wasichana wawili walikua wanaimba kwa Bi Aisha siku ya Idd, Abubakar akawakemea, Mtume akamwambia waache, kila watu wana Idd yao na hii ndio Idd yetu. Kwa hivyo asubuhi hiyo kila nyumba iwe na kitu, nguo nzuri, takbira, watoto wafurahi, na Qatar mpige siku hiyo hiyo msingoje.

Hiyo zamu pia isimuingize mtu kwa deni, changeni. Wakwe waje bila wasiwasi, Allah hatukatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa dini, iko kwa Qur'an sura ya Mumtahina aya ya 8, na Asma binti Abubakar aliambiwa aunge udugu na mamake aliyekua bado mshirikina.

Kuhusu kumsahau baba, Mtume alisema katika wema mkubwa ni mtu kuwaunga wale babake aliowapenda. Hapo kaka ana haki, na mimi namuunga mkono kabisa, kwa sababu wale majirani wa Mumias waliokua wanakula kwa sufuria ya mzee kila Idd, mpango wako haujawataja popote. Watumieni fungu lao la nyama au mchele kila mwaka, hata kama hakuna anayesafiri, na hilo mumpe kaka alisimamie maana wazee wale yeye ndio anawajua mmoja mmoja. Nenda umwambie wewe mwenyewe, sio kwa grupu ya watsapu.

Wallahu aalam.