Wasusi wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi: usirekodi vipindi vyote kwanza

Ndugu, kurekodi vipindi 13 vya maisha ya wasusi wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ndipo utafute kituo cha televisheni cha kuvinunua, ni kuchoma pesa. Kwanza tengeneza video ya dakika 3 hadi 5 na maelezo ya kurasa mbili ya kumwonyesha mnunuzi, basi. Kila anayeonekana asaini ruhusa kabla kamera haijawashwa. Akishagombana na mwenzake mbele yako, hatasaini tena. Na redio ya saluni izimwe! Wimbo ukishaingia nyuma ya maneno hautoki, na mnunuzi atakudai kibali cha mwenye wimbo. Muziki utie wakati wa kuhariri, kwenye mkondo wake wa sauti. Kipindi kiwe cha dakika 26 au 52. Umiliki usiuuze: toa leseni inayotaja miaka, nchi na mara ngapi kitarushwa.