Maswali na Majibu: Bei ya Usalama Anaijua Nani?

S: Assalaam aleikum, Mwalimu. Ni kweli kampuni za silaha ndizo zinazomweka rais Marekani? (Kijana, Mokowe)

J: Waaleikum salaam. Si kweli, na nimeshalijibu hili mara nyingi. Someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika.

S: Kama kampuni hizo hazihongi, zinapataje pesa nyingi vile za bajeti? (Mwanafunzi, Langoni)

J: Hapo umeuliza. Sisi tukisikia ushawishi tunafikiria bahasha chini ya meza. Kule mengi hupita juu ya meza, kwa sheria, ndiyo maana ni magumu kuyazuia. Kampuni hugawa kazi: bawa linaundwa jimbo hili, injini jimbo lile, mpaka wabunge chungu nzima wana wapiga kura wanaokula kwa silaha hiyo. Mwaka 2012 mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, Jenerali Raymond Odierno, aliliambia Bunge kuwa vifaru vya Abrams alivyonavyo vinamtosha. Bunge likatenga pesa za vingine vilevile. Kiwanda kiko Lima, Ohio, na wafanyakazi wake wana kura.

Halafu kuna mlango wa kuingia na kutoka. Mark Esper alikuwa akilipwa na kampuni ya silaha ya Raytheon kushawishi serikali, kisha 2019 akawa waziri wa ulinzi. Lloyd Austin, aliyeshika wizara hiyo 2021, alitoka kwenye bodi ya kampuni hiyohiyo. Eisenhower, rais aliyekuwa jenerali, aliwaonya wenzake kuhusu ndoa hii ya jeshi na viwanda tarehe 17 Januari 1961. Hawakusikia. Tangu ukaguzi kamili wa kwanza wa 2018, wizara ya ulinzi imefeli ukaguzi wa hesabu mwaka baada ya mwaka, na bado inaongezewa pesa.

S: Ya Marekani yanatuhusu nini watu wa Lamu? (Mama, Shela)

J: Yanatuhusu sana, mama. Alfajiri ya 5 Januari 2020, al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, hapa Lamu, waliuawa Wamarekani 3. Mmoja alikuwa askari. Wawili walikuwa wafanyakazi wa L3, kampuni ya ulinzi ya Marekani. Ni L3 hiyohiyo iliyopangiwa kuiuzia Kenya ndege 12 za Air Tractor zenye silaha, mauzo yaliyoidhinishwa na serikali ya Marekani Januari 2017 kwa hadi dola milioni 418. Aliyesimama kutaka yachunguzwe ni Ted Budd, wakati huo mbunge wa North Carolina, ambako kampuni nyingine ilisema ingezitengeneza kwa bei nafuu. Alitetea ajira za kwao. Mfuko wetu sisi autetee nani?

Miaka ile ya marufuku ya kuvua usiku, jirani yangu alitundika jarife lake ukutani hadi panya wakalitoboa. Aliambiwa ni usalama, akanyamaza. Aliyetoa riziki yake kwa ajili ya usalama ana haki ya kujua unanunuliwa kwa nani, na kwa shilingi ngapi.

S: Ndugu yangu ameitwa kazi na kampuni ya kigeni kambini. Aende? (Hindi)

J: Kabla hajatia sahihi, fidia ya jeraha na kifo iwe imeandikwa. Ahadi ya mdomo asiikubali.

S: Mambo ya Anglo Leasing si yalikwisha? Mbona huyaachi? (Malindi)

J: Siyaachi kwa sababu mlango ulioyapitisha uko wazi. Kashfa hiyo ya serikali yetu ilikuwa mikataba 18, mingi ya vifaa vya usalama, na neno “siri” ndilo lililoifunika. Mmoja wa mikataba hiyo ni wa meli ya KNS Jasiri, ya kulinda bahari yetu hii, wa 2003. Ilifika 2012. Kuficha mahali meli inapopiga doria naelewa. Kuficha bei yake sikubali, na mbunge akikwambia hivyo barazani usimwitikie.

S: Pesa zikishaliwa, hurudi? (Mpeketoni)

J: Mara chache. Tanzania waliuziwa rada na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28. Kibali cha Uingereza kilitoka 2001, ingawa waziri wao Clare Short alipinga. Baada ya kesi, BAE ililipa pauni milioni 29.5, zile Watanzania walizoziita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Zilifika 2012. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa kibali alikuwa ameshatoka shule ya msingi zamani, baada ya kusoma amekaa sakafuni.