Kabla ya Kumwaga Samaki, Zuieni Kinachoingia Bwawani

Vifaranga vya perege tulivyonunua kwa michango ya kaya zetu viliishi bwawani siku kumi na moja. Alfajiri ya siku ya kumi na mbili tulivikuta vinaelea, matumbo juu, na vichache vilivyosalia vilikuwa vikitwetea midomo ikiwa juu ya maji, huku harufu ya yai viza ikipanda kutoka kwenye tope kila mtu alipokanyaga ukingoni. Bwawa hilo ni mkondo wa zamani wa Mto Lukuledi, katika bonde linaloshuka kutoka Masasi hadi ghuba ya Lindi. Masika mto hulifikia, kiangazi hubaki peke yake. Nayaandika haya kwa vikundi vinavyotaka kufufua mto au bwawa la kijijini, ili visianzie pale tulipoanzia sisi.

Tulianza na yale yanayoonekana. Tulifyeka matete yote kwa kuyaona ni uchafu na maficho ya nyoka, tukapanda mikaratusi, ambayo hunywa maji kuliko ng'ombe, tukaokota chupa, tukapiga picha na mgeni rasmi, kisha tukamwaga samaki. Katika hayo yote, kuokota chupa ndiko pekee nisikokujutia. Samaki walipokufa tuliwashuku vijana fulani kwamba wametia utupa, na baadaye ilitubidi kwenda nyumbani kwao kuwaomba radhi. Mzee mmoja aliyevua bonde hilo tangu ujana wake aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, hao samaki mlitaka wavute pumzi gani?"

Jibu la swali lake ndilo msingi wa kazi yote. Mbolea ya mashambani, vinyesi na maji ya kufulia huingiza naitrojeni na fosforasi majini, na mwani hunawiri kwa chakula hicho. Mchana mwani hutoa oksijeni; usiku nao huivuta kama viumbe wengine, na ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza ile iliyobaki. Ndiyo maana samaki wa bwawa la namna hii hufa alfajiri, na anayepita adhuhuri huona maji ya kijani yaliyotulia asijue kuna tatizo.

Kwetu kusini liko jambo la ziada, nalo ni salfa tunayopuliza kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Vumbi lisilonasa kwenye maua na majani huanguka ardhini, bakteria huligeuza kuwa asidi na salfeti, na mvua husukuma salfeti hiyo mtoni. Ikifika kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria wengine huigeuza kuwa gesi ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hushikana na madini ya chuma yaliyomo topeni, na chuma hicho ndicho kilichokuwa kimeifunga fosforasi. Kikichukuliwa, fosforasi hufunguka na kupanda tena majini kulisha mwani. Sisemi mtu aache kupuliza, kwani hata mimi nakula kwa korosho. Nasema apime kiasi cha kila mkorosho badala ya kukisia, apulize mapema asubuhi upepo ukiwa umetulia, na pampu isioshwe mtoni. Chupa za viuatilifu vya maji zisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya pampu yakapulizwe shambani.

Kwa hiyo tulipoanza upya hatukugusa maji kwa misimu miwili. Tulihamisha mahali pa kufulia na pa kuoshea pikipiki, tukachimba shimo la kupokea maji hayo mbali na ukingo, na tukaacha matete yaote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ukweli ni kwamba wenye majaruba ya mpunga hawakukubali kuondoka, na mabishano hayo yalitula muda mwingi kuliko kazi yote ya jembe. Tulichopata ni ukanda mwembamba wa matete na mafunjo, ambao hata hivyo hunasa tope la mvua za kwanza, zile zinazobeba uchafu mwingi zaidi.

Msitarajie mambo ya haraka. Ziwa Washington la Seattle, Marekani, lilitakata miaka michache tu baada ya majitaka kuelekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, lakini lile ni ziwa lenye kina kirefu. Bwawa la kina kifupi huhifadhi deni lake topeni, nalo hulipa kidogo kidogo.

Kipimo chetu cha kutakata kwa maji ni sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Saa sita mchana mtu yule yule huizamisha mahali pale pale mpaka isionekane, kisha huandika daftarini ni fundo la ngapi. Mwaka wa kwanza ilipotea kwenye shubiri moja. Sasa hufika karibu dhiraa moja, na chini yake yameanza kuonekana majani yanayoota ndani ya maji, ambayo nilikuwa sijayaona tangu utotoni. Kambare wamerudi wenyewe na mafuriko, bila mchango wa mtu yeyote. Perege bado. Sahani ikifika dhiraa kamili na kubaki hapo hadi mwisho wa kiangazi, tutaitisha mkutano tena.