Ulizia saa ya kushuka

SWALI: Ndugu mhariri, naishi Bern, Uswisi. Wenzangu wa kazini wamenialika kupanda mlima kwa skii Aprili hii, nao wanataka tuondoke saa 10 alfajiri. Kwani hatari ya maporomoko ya theluji haiishi na majira ya baridi?
Msomaji, Bern

JIBU: Haiishi, ndugu. Aprili kinachoiponza theluji ni maji. Jua likiiyeyusha, maji hupenya katikati ya chembe na kuzilegeza, mteremko mzima ukaweza kushuka. Usiku wa anga wazi sehemu ya juu huganda tena, na ganda hilo ndilo mtakalolipanda. Usiku wa mawingu halishiki vizuri, na ikinyesha mvua, bakini nyumbani.

Kwa hiyo usiulize tu saa ya kuondoka. Ulizia mtakuwa mmeshuka saa ngapi. Jua huanza na miteremko ya mashariki, hufuata ya kusini, kisha ya magharibi. Iogopeni miteremko ya nyuzi 30 na zaidi, hata ile iliyo juu ya njia yenu. Mkiona mapande ya theluji yanajiviringisha yenyewe, au buti zinazama kupita kifundo cha mguu, geuzeni, hata kama kilele kinaonekana. Penye nyufa pana zinazofika hadi kwenye nyasi msikae chini yake. Theluji hiyo huachia saa yoyote, hata usiku.

Someni taarifa ya maporomoko ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos, jioni ya kuamkia safari. Msiishie kwenye namba ya kiwango cha hatari (1 hadi 5): huenda asubuhi ni 2, mchana ikawa 3.

Kila mtu awe na kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa, kikiwa kimewashwa, ufito wa kudungia theluji ili kujua alipo, na beleshi la chuma. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali na kifaa. Aliyefukiwa hukosa hewa, na nafasi ya kumtoa hai hushuka kwa kasi baada ya dakika 10 hivi. Helikopta ni nadra kuwahi. Wa kumfukua ni ninyi.

SWALI: Je, Kilimanjaro nako?
Msomaji, Moshi

JIBU: Huko ogopa mawe zaidi. Kwenye njia ya Western Breach barafu ndiyo huyashika, ikiyeyuka, yanaachia. Januari 2006 yaliua Wamarekani 3. Vaa helmeti, pita kungali kumeganda, na picha piga ukishavuka.