Muulize Fundi: Boti inazima kila nikisukuma wenzo

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Likizo hii nacheza Stormworks: Build and Rescue kwenye kompyuta ya kaka yangu. Nimejenga boti ya uokoaji yenye injini ya dizeli ya silinda nne, propela mbili, taa za kumulika na hata kitanda cha majeruhi. Tatizo ni injini. Bila mzigo inaunguruma vizuri, lakini nikisukuma wenzo mbele mzunguko unaporomoka na inazima. Nikiipa mafuta mengi kwanza, inapaa, inachemsha, na mara mbili imeshika moto nikiwa katikati ya bahari. Nilipakua kidhibiti cha mchezaji mwingine kikafanya kazi, ila nikikifungua naona nyaya tupu zimepishana. Nataka kujenga changu. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kutoridhika na kidhibiti cha kupakua. Boti ikizima usiku kwenye dhoruba, na wewe hujui ndani mna nini, huna pa kushika.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu: ulitoka kwa majaribio mwaka 2018 na ukakamilika 2020. Mchezaji hujenga chombo chake kipande kwa kipande, kisha hukipeleka baharini kuokoa watu. Injini pia huungwa vipande vipande: silinda, krenki, njia ya hewa, njia ya mafuta, ekzosi, maji ya kupoza. Haiji na ubongo. Ubongo unauchora mwenyewe ndani ya kijisanduku kiitwacho maikrokontrola, kwa kuunganisha nyaya za namba na nyaya za ndiyo au hapana.

Kabla ya nyaya nikueleze kitu kimoja. Nilikaa miaka 11 kwenye chumba cha injini cha tagi, boti ile ya kuvuta na kusukuma meli bandarini. Wiki yangu ya kwanza nilikodolea macho saa ya mzunguko. Chifu injinia akanitoa pale, akanisimamisha mbele ya kijiti cha chuma kinachotoka kwenye gavana, kifaa kinachorekebisha mafuta ili mzunguko wa injini usibadilike, kwenda kwenye pampu za mafuta. Kilikuwa na rangi ya kijivu, ila pale kinapoteleza rangi ilikuwa imelika na chuma kinang'aa kama kijiko. Akasema zamu nzima nitazame hicho tu. Nahodha alipoegemeza pua ya tagi kwenye ubavu wa meli na kuomba nguvu zote, kijiti kilisogea upana wa kidole. Mlio wa injini haukubadilika hata kidogo. Mzigo umekuja, mafuta yameongezeka, mzunguko umebaki palepale.

Boti yako inakosa kijiti hicho. Wewe umefunga wenzo moja kwa moja kwenye mafuta, sivyo? Basi wenzo wako unasema "nipe mafuta kiasi hiki". Unatakiwa useme "nipe mzunguko kiasi hiki", na kazi ya kutafuta mafuta uiachie gavana. Ukilishika hili, mengine yote ni kufunga nyaya.

Anza na hewa na mafuta, kwa sababu gavana haiwezi kuokoa injini inayopumua vibaya. Njia ya hewa inapokea namba kati ya 0 na 1, na njia ya mafuta vilevile. Wengi huzipa zote mbili namba moja, na hapo mchanganyiko unaharibika. Silinda hukutolea taarifa zake: ujazo wa hewa, ujazo wa mafuta, joto. Gawanya hewa kwa mafuta. Mimi hulenga 14, kisha nasogeza kidogo juu au chini huku natazama mzunguko. Injini ya petroli ya kweli huhitaji hewa kilo 14.7 kuunguza kilo moja ya mafuta, kwa hiyo waliotengeneza mchezo hawakubahatisha.

Weka kipande cha PID, yaani kipande kinachosahihisha chenyewe mpaka kipimo kifikie lengo, cha kulinda uwiano huo. Hapa pana mtego ulionipotezea jioni nzima, kwa hiyo soma polepole. PID huchukua lengo, hulipunguzia kipimo, na tofauti hiyo, yaani kosa, ndiyo inayoifanyia kazi. Uwiano ukiwa 18, maana yake mafuta ni machache. PID inahesabu 14 kutoa 18, inapata hasi 4, inapunguza mafuta. Uwiano unazidi kupanda, nayo inazidi kupunguza, mpaka injini inakufa kwa njaa. Dawa yake ni kubadilisha nafasi: kipimo kikae mahali pa lengo, na 14 ikae mahali pa kipimo. Sasa 18 kutoa 14 ni chanya 4, na mafuta yanaongezeka inavyotakiwa. Jingine: injini ikiwa imezimwa, mafuta ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri huingiza uchafu kwenye hesabu. Usiruhusu kigawanyi kishuke chini ya 0.001.

Sasa gavana yenyewe, ambayo nayo ni PID, ila ya pili. Mchezo husoma mzunguko kwa sekunde, si kwa dakika, basi usichanganyikiwe: 20 kwa sekunde ni 1,200 kwa dakika. Lengo lake liwe 5 jumlisha wenzo mara 15. Wenzo ukiwa sifuri injini inazunguka 5, ukiwa mbele kabisa inatafuta 20. Kipimo ni mzunguko wa krenki. Jibu lake, likiwa limebanwa kati ya 0 na 1 (lisishuke chini ya 0 wala kupita 1), linakwenda kwenye hewa, na mafuta yanaifuata hewa kupitia ile PID ya kwanza.

Najua utauliza namba za P, I na D, zile tatu zinazoiambia PID ilijibu kosa kwa nguvu gani, na kwamba umeshaona orodha za watu. Achana nazo. P huzidishwa na kosa la sasa. Weka P 0.05, nyingine sifuri, halafu uone. Tuseme unataka mzunguko 15, na ili kushika mzigo ule injini inahitaji hewa 0.3. P pekee itatoa 0.3 pale tu kosa likifika 6, kwa kuwa 6 mara 0.05 ni 0.3. Kwa hiyo injini itatulia kwenye 9, na itabaki hapo siku nzima ikidhani imemaliza kazi. Ukiongeza P sana ili kuziba pengo hilo, injini inaanza kuyumba, inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Ndipo inapoingia I. Hii inakumbuka kwamba kosa limekaa muda mrefu, na inaongeza taratibu mpaka 15 ifike. Iwe ndogo sana, uipandishe kidogo kidogo. D huangalia kosa linabadilika kwa kasi gani. Kwa injini ya boti mimi huiacha sifuri.

Hebu nitoke nje ya swali kidogo, maana jambo hili nalipenda. Nadharia ya vitu hivi vitatu ilitoka baharini. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi na jeshi la majini la Marekani, aliwatazama washika usukani wa meli. Akaona kwamba mzoefu haangalii tu meli imepotoka kiasi gani. Anakumbuka imekuwa ikivutwa upande gani tangu mwanzo, na anahisi pua inageuka kwa kasi gani, ili arudishe usukani kabla haijapitiliza. Akaandika hayo kwa hesabu mwaka 1922, na mtambo ukajaribiwa kwenye manowari USS New Mexico. Ukienda na jahazi hapo kwenu, mtazame mshika usukani mkono wake wakati upepo unavuma kutoka nyuma. Utaiona P, I na D bila kompyuta.

Turudi. I ina tabia ya kulimbikiza. Ukiiacha ikihesabu wakati injini imezimwa, inaona kosa la 5 kila mara na kujaza ghala. Siku ukipiga staata, injini inanguruma mpaka mwisho kabla hujagusa kitu. PID ya mchezo ina waya wa kuiwasha na kuizima: uunge kwenye swichi ya injini. Na staata yenyewe ikate mzunguko ukipita 3, la sivyo inakumalizia betri.

Kisha klachi, ambayo nadhani ndiyo inayokuulia injini. Umeifunga kwa kitufe, siyo? Ikishika, inashika yote mara moja, na propela mbili zilizolala majini zinaingoja. Klachi ya mchezo inakubali namba yoyote kati ya 0 na 1, basi itumie. Chukua mzunguko, toa 4, gawanya kwa 4, bana kati ya 0 na 1. Kwenye mzunguko 4 klachi iko wazi. Kwenye 6 imeshika nusu. Kwenye 8 imeshika yote. Mzigo ukizidi na mzunguko ukashuka, klachi inalegea yenyewe, injini inavuta pumzi, inapanda, klachi inashika tena. Ila angalia: mzunguko wa kupumzika ni 5, na kwa hesabu hii klachi ingeshika robo hata wenzo ukiwa sifuri, boti ikaanza kutambaa gatini. Weka sharti kwamba wenzo ukiwa sifuri, klachi ni sifuri. Kurudi nyuma ni vivyo hivyo: klachi iachie kwanza, gia ibadilike, ndipo ishike.

Joto nalo lisikutishe. Chukua 115, toa joto la silinda, gawanya kwa 15, bana kati ya 0 na 1, kisha zidisha na wenzo, si na lengo zima. Kwenye nyuzi 100 unapata nguvu zote. Ikifika 107 na nusu unabaki na nusu. Ikigota 115 injini inarudi kwenye 5 bila kuzima, na maji yanaendelea kuzunguka. Lakini kidhibiti si badala ya maji. Kama inafika huko kila safari, angalia pampu ya maji na bomba la kunyonyea: boti ikipanda mawimbi, bomba lililo juu sana linanyonya hewa.

Jenga kwa mpangilio huo huo, na kila hatua uijaribu boti ikiwa imefungwa gatini. Weka saa mbele ya nahodha zinazoonyesha mzunguko, uwiano, joto na namba ya klachi. Ile ya klachi wengi hawaiweki, na ndiyo kile kijiti changu. Siku moja kijiti cha tagi letu kilikwama, grisi imeganda na chumvi imekula kiungo, na hakuna aliyekuwa amekitazama wiki nzima, mimi nikiwemo. Nahodha aliomba nguvu zote, injini ikazama kwa moshi mweusi, ikazima. Meli tuliyokuwa tunaizuia iliendelea kusogea gatini mpaka tagi la pili likawahi. Zilibaki kama mita kumi. Nasikia ule ukimya wa injini mpaka leo.

SWALI: Fundi, je, kidhibiti cha injini kwenye mchezo huo ni lazima kiandikwe kwa Lua? Sijawahi kuandika programu. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana ndugu yangu. Yote niliyomweleza kijana wa Tanga yanajengeka kwa vipande vya kawaida vya kujumlisha, kugawanya na kubana. Anza huko, kwa sababu unaiona namba ikitembea kwenye waya.

Lua inafaa baadaye, kwa sababu moja hasa. Mchezo huhesabu takriban mara 60 kwa sekunde, na ishara inapopita kutoka kipande hadi kipande huweza kuchelewa hesabu moja. Mnyororo wa vipande 12 ni kuchelewa kwa sehemu ya tano ya sekunde, na gavana inayopokea habari za zamani huyumba hata namba zake zikiwa nzuri. Kipande kimoja cha Lua kinapokea namba 32 na kutoa namba 32, na mahesabu yote yanafanyika ndani yake kwa mpigo mmoja. Ukifika hapo, usihamishe kila kitu siku moja. Hamisha klachi kwanza, ni mstari mmoja tu, uache gavana ya zamani ifanye kazi kando yake. Boti ikienda kama jana, hamisha kinachofuata.