Ukiombwa IP, uliza kwanza: ya ndani au ya nje?

Fundi wa kamera akikwambia "nitumie IP yako", usimtumie namba ya kwanza unayoiona. IP ni anwani ya namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Kwa intaneti ya nyumbani kuna anwani mbili, na usumbufu mwingi huanzia kwenye kuzichanganya.

Ya ndani hutolewa na ruta yako na haivuki mlango wa nyumba. Mara nyingi huanza na 192.168, mara nyingine na 10. Ndiyo maana kompyuta iliyoko mtaa wa Mkomani hapa Lamu na nyingine iliyoko mtaa wa Langoni zinaweza zote kuwa 192.168.1.7 bila kugombana. Hiyo ndiyo ya printa na ya kutumiana faili humo humo ndani. Ya nje hutolewa na kampuni ya intaneti, nayo ndiyo tovuti huiona.

Kupata ya ndani kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter, kisha kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Yatajitokeza mafungu kadhaa. Yaliyoandikwa "Media disconnected" yaache. Shika lile ambalo mstari wake wa "Default Gateway" (anwani ya ruta) una namba, halafu soma "IPv4 Address" ya fungu hilo hilo. Ile ndefu inayoanza na fe80 iruke. Kwenye Linux andika ip a. Kwenye Mac, fungua Terminal uandike ipconfig getifaddr en0. Isipojibu kitu, jaribu en1.

Ukikuta 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Zima ruta, iwashe, subiri dakika 2, kisha andika ipconfig /renew. Isipobadilika na unatumia waya, chomoa kichwa chake utazame zile pini 8. Upepo wa bahari wa Lamu hauna huruma na shaba: ukiona kijani kwenye pini, kata kichwa ubane kipya, na ukague pia tundu la ruta. Kupangusa kwa kitambaa hurudisha mtandao kwa muda tu.

Nyumba zetu za mawe zina tatizo jingine. Kuta ni nene, Wi-Fi ya sebuleni haifiki darini, basi watu huongeza ruta ya pili. Ikichomekwa kwa tundu la WAN (la kuingizia intaneti) na kuachwa ilivyotoka dukani, huanzisha mtandao wake: chini 192.168.1, juu 192.168.0. Intaneti inapatikana kote, kwa hiyo hakuna anayeshuku kitu, mpaka laptopu ya juu ishindwe kuiona printa ya chini. Iweke ruta ya pili kwenye hali ya Access Point, yaani isambaze tu mtandao wa ruta ya chini. Kama haina, ipe anwani isiyotumika, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), na waya unaotoka chini uuchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN.

Ya nje ni rahisi kuipata: zima VPN kwanza (programu inayoficha anwani yako ya nje) kama unayo, kisha fungua ifconfig.me kwenye kivinjari. Usishangae tovuti za ramani zikisema uko Nairobi ilhali umekaa Shela. Zinakisia kutokana na kumbukumbu za kampuni ya intaneti, hazijui nyumba yako.

Lakini kuiona si kuimiliki, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa kwa mafundi. Andika ile namba ya Default Gateway kwenye kivinjari, ingia kwa nywila iliyo kwenye kibandiko cha ruta, utafute ukurasa wa hali ya WAN. Anwani ya hapo ikilingana na ile ya ifconfig.me, ni yako, na unaweza kufungua milango ya ruta (port, njia za kuingilia kutoka nje) ili kamera ionekane kutoka Malindi au Mombasa. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Vifurushi vya kawaida vya Starlink hufanya hivyo. Hapo fungua milango upendavyo, hakuna kitakachopita. Omba kampuni anwani ya umma, ambayo kwa kawaida hulipiwa, au tumia programu ya kamera yenyewe inayopitia seva za mtengenezaji. Ya pili inawatosha wengi.

Umeme ukikatika na kurudi, anwani zote mbili zinaweza kubadilika. Ya ndani unaweza kuifunga: andika ipconfig /all, nakili "Physical Address" ya fungu lile lile, kisha uihifadhie namba moja kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta. Kabla ya hapo hakikisha "Random hardware addresses" imezimwa kwenye mipangilio ya Wi-Fi, la sivyo ruta itaiona kompyuta yako kama mgeni mpya na kuipa namba nyingine.